Laki Tisa, Vipande Saba

Kuna swali moja ambalo wanafalsafa wamelihangaikia tangu zama za Wagiriki, na ambalo mimi na wewe, ndugu msomaji, tunakutana nalo kila mwisho wa mwezi: kitu kikiwa kidogo na wanaokihitaji wakiwa wengi, nani apewe nini? Aristotle, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, aliona kwamba katika kugawa, haki ni kumpa kila mmoja kwa kadiri ya anachostahili, hata kama mafungu hayatalingana. Maneno yanaingia akilini. Ila mwenyewe alikiri kwamba ugomvi wa watu unaanzia hapo hapo, maana kila mtu ana kipimo chake cha kustahili. Tajiri atakwambia kipimo ni mali, mzee atakwambia ni umri, na sisi wa kijiweni tutakwambia kipimo ni nani kawahi.

Mimi swali hili limenikuta Kariakoo, mbele ya meza ya fundi, nikiwa na laki tisa mfukoni. Najua utacheka. Utasema, kompyuta ya kuchezea gemu na Aristotle wapi na wapi? Cheka, halafu twende pamoja, kwa sababu sijaona mahali ambapo swali la haki linajianika waziwazi kama kwenye bajeti ndogo. Mwenye fedha nyingi haulizwi swali hilo. Anaingia dukani, ananyoosha kidole, anafungiwa mzigo wake. Anayechagua kweli kweli ni yule ambaye akikipa hiki, lazima akinyime kile.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 2024 nilikuwa nimedunduliza kwa miezi kumi na minne kutokana na kibarua changu cha steshenari, kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi. Kibubu kilipovunjwa kikatoa shilingi 900,000. Skrini nilikuwa nayo, ya zamani, na kibodi na mausi pia. Vilivyobaki vilikuwa vipande saba. Kwanza prosesa, ambayo ndiyo inayopiga hesabu zote. Pili mazabodi, ubao mkubwa ambao wengine wote wanapanda juu yake. Tatu RAM, mahali mashine inapoweka kile inachokishughulikia dakika hii. Nne SSD, ghala la mafaili na gemu zenyewe. Tano kadi ya grafiksi, inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Sita pawa saplai, sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3, ambazo vipande vingine vinaweza kuzitumia bila kuungua. Saba, kasha la kuvibeba vyote.

Vipande saba, laki tisa. Gawa.

Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni usawa. Sisi tumekulia katika nchi ambayo neno usawa limo katika mafundisho yake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mimi silidharau neno hilo hata kidogo. Basi chukua 900,000, gawa kwa saba, kila kipande kinapata shilingi 128,571. Hakuna wa kununa. Lakini tazama kinachotokea. Kasha, ambalo ni bati na skrubu, linapata fedha nyingi kuliko linavyohitaji. RAM inabakiwa na chenji. Kadi ya grafiksi, ambayo katika mashine ya gemu ndiyo punda wa mzigo wote, inapata fungu lisilotosha kununua kadi ya maana. Mwisho wa yote una kasha la kupendeza, na ndani yake gemu inakwama-kwama kama daladala bovu kwenye foleni. Na hilo kasha lililopendelewa, limefaidi nini? Halina furaha yake peke yake. Vipande vyote saba vinaishi kwa kazi moja.

Usawa wa binadamu ni usawa wa utu, na utu haukatwi mafungu. Mahitaji ni jambo jingine. Mama mwenye mtoto anayenyonya na mtoto wa kidato cha nne hawali sawa, hawalali sawa, wala hawahitaji daftari sawa, ingawa utu wao ni mmoja. Anayegawa sawasawa bila kuangalia amejiondolea kazi ya kufikiri, halafu anataka tumsifu kwa haki.

Njia ya pili ni tamaa. Kijiweni kwetu Tandika ushauri ni mmoja tu: "Mwanangu, mshiko wote weka kwenye kadi." Na ushauri huo una mantiki yake, maana kadi ndiyo inayoonekana kazini. Mshikaji akikutembelea hakuulizi una pawa saplai gani. Anauliza una kadi gani, na ukimtajia kubwa anatikisa kichwa kwa heshima. Tuseme basi laki sita ziende kwenye kadi, na wale sita wengine wagombanie laki tatu. Nini kinatokea? Kadi inachora, lakini prosesa ndiyo inayoiambia kitu gani kichorwe: mpira umekwenda wapi, gari limepinda kona gani, nani kajificha nyuma ya ukuta. Prosesa ikiwa dhaifu, kadi yako ya bei mbaya inakaa imekunja mikono ikisubiri kuambiwa. Umelipia nguvu, na nguvu imelala. RAM nayo ni hivyo hivyo. Ukiweka kijiti kimoja badala ya viwili, prosesa inaifikia kwa njia moja badala ya mbili, na mwendo unapungua. Mfalme asiye na watu wa kumletea habari anatawala kiti chake tu.

Baada ya kuzikataa njia hizo mbili ndipo nikapata kipimo changu cha kustahili. Sijakisoma mahali, nimekitoa kwenye meza ya fundi: nani akianguka ataanguka na wangapi? Kipimo hiki ndicho kilichonifanya nisimame kwa muda mrefu mbele ya kile kipande ambacho hakuna anayekiuliza, yaani pawa saplai.

Pawa saplai haikuongezei hata picha moja kwa sekunde. Weka ya shilingi laki moja na nusu, weka ya elfu thelathini, siku ya kwanza gemu itacheza vilevile. Ndiyo maana ni rahisi sana kuinyima. Ukiinyima hakuna kelele. Lakini ndiyo inayomlisha kila mmoja mle ndani, na hapa mjini kwetu inalisha katika mazingira magumu. Nani asiyekumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023? Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, taa zinameta, friji linaguna. Pawa saplai nzuri ina ulinzi ndani yake, ikiona mambo yameharibika inajizima yenyewe ili wenzake wapone. Ile ya bei chee mara nyingi ulinzi huo umepunguzwa au haumo kabisa, na siku ikifa inaweza kuondoka na mazabodi, kadi na diski kwa mpigo mmoja. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Hapa inavunja na chungu.

Halafu kuna udanganyifu wa lebo. Nimeona sanduku limeandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa mekundu. Geuza ubavuni usome kile kijedwali kidogo ambacho hakuna anayekisoma. Prosesa na kadi hula zaidi kwenye mstari wa volti 12. Kama mstari huo unatoa ampea 20 tu, zidisha: 12 mara 20 ni wati 240. Sasa kadi niliyoitaka, RX 580, inahesabiwa wati 185, na prosesa Ryzen 5 3600 kiwango chake kilichotangazwa ni wati 65. Jumla 250, na bado feni na diski havijaomba chochote. Yaani sanduku la "600" lingeshindwa kuwalisha hata wawili. Hata ile alama ya 80 PLUS, iliyoanza kutumika mwaka 2004, daraja lake la chini linadai tu kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaotolewa ukutani uwafikie wenzake badala ya kupotea kama joto. Ni jambo jema, ila halikwambii kama viungo vya ndani ni imara. Inabidi uulize zaidi.

Kwa hiyo niligawa hivi. Kadi ya grafiksi, iliyotumika, 210,000. Prosesa, iliyotumika, 160,000. Mazabodi, iliyotumika, 160,000. Pawa saplai, mpya, 145,000. SSD, mpya, 90,000. RAM, vijiti viwili vya GB 8 vilivyotumika, 85,000. Kasha la mtumba lenye mikwaruzo, 50,000. Jumlisha mwenyewe, inafika laki tisa kamili, haijabaki hata nauli.

Ukitazama utaona kadi bado imepata kikubwa kuliko wote. Haki haikuja kuishusha kadi. Kazi yake ni kubwa na fungu lake ni kubwa. Lakini pawa saplai imepata zaidi ya lile fungu la usawa la 128,571, na aliyetoa ni kasha. Mazabodi nayo ilipendelewa kidogo kwa sababu ya kesho. Prosesa za Ryzen zilianza mwaka 2017 kwenye soketi iitwayo AM4, na soketi hiyo hiyo ikaendelea kupokea prosesa mpya miaka iliyofuata, hata ile Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Ubao kama wangu wa B450, ukiwekewa BIOS mpya, unaweza kuipokea siku nikiwa na uwezo. Nimemwekea fungu mgeni ambaye hajafika. Na huyo pia, kwa maoni yangu, ana haki zake.

Kuna vijana wenzangu ambao fedha hiyo hiyo wameiweka kwenye taa za rangi. Kasha la kioo, feni zinawaka nyekundu, bluu, zambarau, usiku chumba kinakuwa kama dansini. Siwalaumu kwa kupenda uzuri, nami naupenda. Ila kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia ndani ya mashine nyingi za namna hiyo utamkuta yule mlishaji wa elfu thelathini amejificha chini kabisa, anahema.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mgawaji wa haki ni mimi peke yangu. La hasha. Muuzaji naye yumo.

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha ile njia ya kuchimba sarafu kwa kutumia kadi za grafiksi. Kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku zikakosa ajira, zikamwagwa sokoni dunia nzima, na RX 580 zilikuwamo kwa wingi kwa sababu wachimbaji walizipenda sana. Ndiyo neema yetu sisi wa kipato kidogo. Lakini neema hii ina tundu. RX 580 yenyewe, iliyotoka mwaka 2017, ina vitengo vya hesabu 2304. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine kwa soko la China, inaitwa RX 580 2048SP, yenye vitengo 2048. Zikifika mtumbani, ule mkia wa jina unaanguka njiani. Zote zinakuwa "RX 580, kaka, mzigo mkali."

Duka moja ambalo sitalitaja niliomba kadi iwashwe kwanza, nikafungua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Ikasoma 2048. Nikamwonyesha muuzaji. Akatazama, akanitazama, akasema, "Dogo, si jina ni lile lile?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Pengine na yeye aliuziwa hivyo hivyo, akalipa bei ya 2304. Sasa haki inataka nini kwake? Abebe hasara aliyotwishwa na mwingine, au anipasie mimi, na mimi kesho nimpasie mwenzangu wa Mbagala kwa jina lile lile? Wengi tutasema biashara ndiyo ilivyo. Lakini kila anayepasia ananunua amani yake kwa fedha ya mtu ambaye hayupo pale kujitetea. Huyo wa mwisho kwenye foleni ndiye pawa saplai ya biashara nzima. Haonekani, na ndiye anayebeba. Sikuinunua kadi ile. Nilitafuta nyingine siku tatu zaidi, nikaipata yenye 2304, ya bei ile niliyoandika juu.

Na foleni hiyo haianzii China. Ndani ya vifaa vya elektroniki kuna vipande vidogo vya kutunza chaji viitwavyo kapasita, na baadhi hutengenezwa kwa tantalamu, metali inayotoka kwenye koltani. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki ya Kongo, kwa mfano Rubaya, Kivu Kaskazini, mji ulioingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Huko wanazungumza Kiswahili hiki hiki ninachokiandika. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zitoe taarifa kama tantalamu, bati, tangisteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake. Sheria ni nzuri kwenye karatasi, lakini mimi nikiwa Kariakoo sina karatasi hiyo. Siwezi kusema kadi yangu ina mchanga wa Rubaya, wala siwezi kusema haina. Ninachoweza ni kidogo: kununua kilichokwisha chimbwa tayari, kukitunza kidumu, na kutokutupa kinachoweza kutengenezeka. Hilo halimlipi mchimbaji. Ila afadhali mtu ajue kwamba bei rahisi imelipwa na mtu mahali fulani, kuliko kudhani imeshuka kutoka mbinguni.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa nazunguka tangu mwanzo, maana hesabu hizi za vipande saba zilinifungua macho nyumbani.

Dada yangu alikuwa kidato cha pili mwaka 2014. Ada na michango ilikuwa ya watoto wawili, fedha ilikuwa ya mmoja. Akaacha kabla ya mtihani wa kidato cha pili ili mimi niingie kidato cha kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 serikali ikafuta ada za sekondari. Kwa mwaka mmoja na miezi tu, mlango ukafunguliwa yeye akiwa amekwisha ondoka. Tangu hapo anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Nilipomaliza shule watu waliniuliza nimepata divisheni gani. Sikumbuki mtu aliyemuuliza yeye chochote.

Alipokiona kibubu kimevunjwa akauliza, "Hiyo mashine ni ya kazi?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Ningesema ni ya kuandikia riwaya, na isingekuwa uongo mtupu, kwa sababu nitaiandika humo. Lakini nilimwambia, "Ni ya kuchezea, dada. Riwaya nayo nitaiandika, ila naitaka kwa kuchezea."

Nilitaka kulisema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo linaniuma. Mtoto wa tajiri akicheza, anacheza tu. Kijana wa Tandika akicheza, lazima alete maelezo: eti gemu zinafundisha Kiingereza, eti zinaongeza wepesi wa akili, eti siku moja atapata ajira. Kila shilingi yetu inadaiwa risiti ya maendeleo. Mimi nasema kucheza ni sehemu ya kuishi, kama kuimba jikoni, na masikini naye anaishi. Asiyeruhusiwa kucheza mpaka atajirike amegeuzwa chombo cha kazi, na hilo ni jambo la utu, tena kubwa kuliko kompyuta.

Nikiwa na hoja hizo zote kichwani, bado usiku ule nilihesabu upya. Kipimo changu mwenyewe kilikuwa kinanitazama. Nani akianguka ataanguka na wangapi? Ndani ya nyumba yetu jibu halihitaji GPU-Z. Asubuhi nikamwambia dada achukue laki tisa yote, alipie masomo ya jioni ya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ili baadaye aweze kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Alinitazama muda. Kisha akasema, "Mdogo wangu, usinifanye mimi sababu ya wewe kutokucheza. Kama unanipa, nipe kwa sababu ni changu, usinipe kwa sababu unaona aibu."

Maneno haya yamenifundisha kuliko kitabu. Nilikuwa nimetaka kumpa sadaka, na sadaka ndiyo njia nyingine ya kumnyima mtu. Unatoa mara moja, unapongezwa, deni linabaki pale pale. Pawa saplai hupewi sifa kwa kuihurumia. Unaipa ampea zake kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake, unaipa kabla ya kuuliza kadi inataka nini, na unaipa kila siku. Basi tukakaa na daftari lake la mauzo, tukapiga hesabu ya masomo yake kwa mwezi. Tangu mwezi ule fungu lake linatoka kwanza kwenye ujira wangu, pamoja na kodi ya chumba, kabla kibubu hakijasikia harufu ya fedha. Laki tisa zikaenda Kariakoo kama zilivyopangwa. Ule mpango wa prosesa mpya umelala, na sijui utaamka lini. Dada anasoma jioni. Mtihani bado, kwa hiyo sina matokeo ya kukupa, na hata angefeli fungu lake lisingegeuka kuwa kosa la hesabu.

Kuna mmoja atauliza: na kadi ingekuwa kubwa zaidi, je? Nimjibu kwa skrini yangu. Skrini hii ya zamani inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikichora 60, naziona zote. Kadi kubwa ikichora 140, skrini itanionyesha zile zile 60. Sisemi watu wasitamani. Nasema kuna kiwango ambacho ukikipita unalipia kitu ambacho macho yako hayana pa kukipokelea, na kama wakati huo huo kuna mtu hapo nyumbani mwenye fungu lisilotimia, basi ile ziada ina mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kutosha ninayoielewa mimi. Inapimwa kwa uwezo wa kupokea, na kwa kuangalia nani bado hajapokea.

Wenzangu tunaoota kuandika, jambo hili lina upande wetu pia. Tunazo nguvu kidogo na saa chache za usiku. Wengi wetu tunazimwaga kwenye sentensi ya kwanza inayomeremeta, kwenye msamiati mzito, kwenye jina la kitabu. Zile taa za rangi. Tunainyima ile kazi ya chini isiyosomwa na mtu: kujua nauli ya mhusika, kujua nani anamlisha, kujua ada ililipwa na nani. Nimesoma miswada ya kijiweni ambamo shujaa anahitimu, anapenda, anaachwa, analia, na hakuna mahali dada yake anatokea akiwa na kikaango mkononi. Hadithi inawaka vizuri ukurasa wa kwanza, ikifika wa ishirini inazima ghafla, na mwandishi hajui kwa nini.

Huo ndio mtazamo wangu, na sidai umekamilika. Anayeamini kwamba usawa wa mafungu ndio haki ya kweli, au kwamba masikini hana ruhusa ya kucheza hata kidogo, aandike anipinge katika toleo lijalo, nitamsoma kwa moyo mweupe. Lakini kabla hajaandika naomba afanye jambo moja. Achukue karatasi, aandike vipande vya maisha yake mwenyewe na fungu analokipa kila kimoja, halafu ajaribu kukumbuka ni kipi hakukiandika.